Oksijeni sensa: nyaya zilikuwa nne, soketi iliingia, na bado haikuwa yenyewe

Msafiri wa Mlandizi

Wakuu, salaam. Nimenunua oksijeni sensa mbili (kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi) ndani ya mwezi mmoja, kwa gari moja lenye tatizo moja, na ile ya kwanza haikuwa feki wala mbovu. Niliuziwa nzima kabisa, ila ilikuwa ya gari jingine. Nimeona mara nyingi mtu akiuliza "oksijeni sensa ya IST ni shilingi ngapi" akajibiwa bei tu, bila hata mmoja kumuuliza anataka ipi, ndiyo maana nimeona niandike kisa hiki kwa urefu.

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, chesisi NCP61, injini 1NZ-FE. Taa ya injini iliwaka nikiwa nimeshaipita Chalinze nikirudi Dar es Salaam. Gari halikumisi, halikupoteza nguvu wala halikutoa moshi, ila kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeanza kuona mshale wa mafuta unashuka haraka kuliko nilivyozoea. Fundi wa kwanza hakuwa na mashine ya kusoma namba za hitilafu. Aliisikiliza sailensa kwa dakika moja, akainama nyuma ya bomba la moshi, akasema hiyo ni oksijeni sensa. Akaifungua ile ya mbele, yaani iliyo karibu zaidi na injini, ambayo kwenye injini hii imejificha nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria, akaniwekea mkononi ikiwa bado na joto na kunituma Kariakoo.

Muuzaji aliipokea, akaigeuza mara mbili, akahesabu nyaya: nyeusi mbili, ya buluu moja, nyeupe moja. Akaingia ndani, akarudi na nyingine yenye nyaya nne za rangi zile zile, akachukua soketi ya sampuli yake na kuichomeka mbele yangu. Ikaingia na kulia "kach". "Umeona mwenyewe, mzee," akaniambia, nami nikalipa 120,000 nikiwa na amani moyoni. Taa ilizimwa kwa kutoa waya wa betri, ikatulia siku nzima, na jioni ya siku ya pili ikawaka tena.

Fundi wa pili alianza na mashine, nayo ikatoa P0135, yaani hitilafu kwenye saketi ya hita (inayoipasha sensa moto) ya sensa ya kwanza, ile ya mbele. Hapo alichomoa soketi, akaweka mita ya umeme kwenye nyaya mbili nyeusi za sensa mpya, akapata omu mbili na kidogo. Kisha akaniomba ile ya zamani, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeitupa tu kwenye buti, akaipima kwa namna ile ile, na mita haikusoma chochote, maana yake hita yake ilikuwa imekatika. Akanieleza kwamba hita ya oksijeni sensa ya kawaida ya Toyota, ikiwa baridi, husoma kati ya omu 11 na 16. Piga hesabu mwenyewe: volti 14 ukizigawa kwa omu 13 unapata kama ampea moja, lakini ukizigawa kwa omu mbili unapata ampea saba. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, iliona umeme mwingi kuliko inavyotarajia, ikaikatia hita njia na kuwasha taa. Kwa hiyo fundi wa kwanza alibahatisha akapatia, sensa ilikuwa imekufa kweli. Kilichokosewa ni mbadala wake.

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye sensa zenyewe muda wote huo. Ya zamani ilikuwa na namba inayoanza na 89465, na niliyouziwa ilianza na 89467. Kwa Toyota, tarakimu hizo tano za mwanzo ndizo zinazotaja aina ya kifaa: 89465 ni oksijeni sensa ya kawaida, na 89467 ni ile inayoitwa A/F, inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi. Zinafanana kama mapacha. Kifuniko cha chuma ni kile kile, uzi wa kufungia ni ule ule, na mara nyingi hata rangi za nyaya na soketi ni zile zile. Kazi zake lakini hazifanani. Ya kawaida hutoa umeme wake yenyewe, karibu volti 0.1 mafuta yakiwa machache na karibu 0.9 yakizidi, na inaruka kati ya hizo mbili bila kupumzika. A/F hupewa umeme na kontrolboksi, ambayo nayo husoma mkondo unaopita, na mchanganyiko ukiwa sawasawa utaona kwenye mashine kama volti 3.3. Kontrolboksi iliyotengenezwa kusikiliza mojawapo haiwezi kuielewa nyingine.

Nakaribisha masahihisho na uzoefu wenu. Nitarudi kueleza jinsi nilivyoipata ya pili.

Dada wa Nyegezi

Ahsante kwa maelezo, kaka Msafiri. Naomba kuuliza kabla sijatoa hela. Nina Premio yenye injini hiyo hiyo ya 1NZ, mashine imesoma P0171, na fundi wangu amesema ninunue oksijeni sensa ya mbele. Nimeshatajiwa bei tatu, 45,000, 130,000 na 280,000, na kila muuzaji anasema yake ni orijino. Nichukue ipi?

Fundi Mstaafu

Dada wa Nyegezi, kwa sasa usichukue hata moja. P0171 maana yake ni kwamba kontrolboksi imeongeza mafuta mpaka ikafika kikomo chake, na bado sensa inaripoti kwamba hewa imezidi. Mleta habari si lazima awe ndiye mgonjwa. Anza na mpira unaotoka kwenye eya klina kwenda kwenye koo la injini, uukunje kwa mikono uangalie kama una ufa kwenye mikunjo yake. Kagua vimpira vidogo vya vakyumu. Sensa inayopima hewa inayoingia ikishika vumbi husoma hewa pungufu, na husafishwa kwa dawa yake maalumu, si kwa petroli. Pampu ya mafuta iliyochoka nayo huleta namba hiyo hiyo. Jambo ambalo wengi hulisahau ni tundu kwenye bomba la moshi kabla ya sensa: injini inapopumua, hewa ya nje huvutwa kupitia tundu hilo, sensa inaiona oksijeni hiyo na kuiripoti kwa uaminifu, na kontrolboksi inamwaga mafuta yasiyohitajika. Hapo unaweza kubadilisha sensa tano na gari likaendelea kula mafuta.

Mwombe fundi wako aunganishe mashine injini ikiwa imepata moto, muitazame sensa ikifanya kazi. Kama inaruka kati ya chini na juu bila kusita, na ukikanyaga mafuta ghafla inapanda haraka, hiyo ni nzima, usiiguse.

Nakuongezea Msafiri jambo moja. Gari likitoa P0135 na P0141 kwa pamoja, yaani hita ya mbele na ya nyuma zimekufa siku moja, mtu atazame fyuzi kwanza. Hita mbili hazina desturi ya kufa pamoja, na fyuzi moja huweza kuzilisha zote.

Dada wa Nyegezi

Shikamoo, mzee wangu. Nimeukunja huo mpira kama ulivyosema. Una ufa wa urefu wa kidole kwa upande wa chini, mahali ambapo huwezi kuuona usipoukunja. Nimenunua mwingine uliotumika, na taa imefutwa tangu juzi. Nitaleta majibu.

Kilima Hewa

Mimi naona tunajitesa bure. Sensa za magari yaliyokatwa, zilizotoka Japani zikiwa kwenye injini zake, ni bora kuliko hizi mpya za madukani ambazo nusu ni feki. Nimefunga mbili kwenye magari yangu, na zina mwaka wa tatu. Tena ukichukua kutoka kwenye injini ya aina yako, suala la namba halikuhusu.

Msafiri wa Mlandizi

Mkuu Kilima Hewa, nakubaliana nawe nusu. Iliyotoka kwenye injini ile ile ina uhakika wa aina, na ndiyo maana nami nilianza kutafuta huko. Tatizo ni kwamba hii ni spea inayochakaa kwa matumizi. Sensa yenye hita hutarajiwa kufika kilomita 160,000 hivi, na zile za zamani zisizo na hita huchoka mapema zaidi. Ukinunua iliyotumika hujui imebakiza ngapi. Pia ndani yake kuna kikombe kidogo cha kauri, na kikipigwa wakati wa kuifungua au ikiangushwa sakafuni hupata ufa usioonekana kwa nje.

Anayechagua iliyotumika asiondoke dukani bila kupima hita kwa mita. Ni kazi ya sekunde kumi, na muuzaji mwenye nia njema hatakataa. Kisha atazame ncha yake. Rangi ya kahawia iliyopauka ni ya kawaida. Masizi meusi makavu yanaeleza kwamba gari lilikuwa likizidisha mafuta. Ukiona utando mweupe kama chokaa, iache: mara nyingi huo unatokana na gundi ya silikoni iliyotumika kwenye injini, au na maji ya rejeta yaliyovuja ndani, na sensa iliyofunikwa namna hiyo hairudi kuwa nzima hata uisugue.

Nyota ya Nakuru

Hamjambo, ndugu zetu. Huku Kenya kisa chenu kina pacha wake kwenye Subaru. Nina Impreza, na mekanika alinitumia picha ya sensa kwa simu, nikaenda nayo Kirinyaga Road, Nairobi. Duka la kwanza waliitazama picha wakanipa ya nyuma, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Kwenye gari langu ya mbele ni A/F na ya nyuma ni ya kawaida, na namba zake ni tofauti tangu mwanzo, 22641 kwa ya mbele na 22690 kwa ya nyuma. Tangu siku ile siendi na picha ya sensa. Naenda na picha ya namba.

Swali langu ni hili: duka la pili walikuwa na sensa isiyo na soketi, nyaya zake zimekatwa tu, wakasema inaingia kwenye gari lolote, nikate soketi ya zamani niunganishe. Bei yake ilikuwa chini sana. Je, ni halali?

Fundi Mstaafu

Ni halali ikiwa ni ya aina sahihi, ila maneno "gari lolote" si ya kweli. Ya kawaida isiyo na soketi inaweza kufaa magari mengi yanayotumia sensa ya kawaida. Haiwezi kusimama mahali pa A/F, kwa hiyo kwa Subaru yako, kwa nafasi ya mbele, jibu ni hapana.

Kwa wanaofaa nayo, hatari iko kwenye rangi. Kampuni ya Denso hutumia nyaya mbili nyeusi kwa hita, ya buluu kwa ishara na nyeupe kwa hasi ya ishara. Kampuni ya Bosch hutumia nyaya mbili nyeupe kwa hita, nyeusi kwa ishara na kijivu kwa hasi yake. Sasa mfikirie kijana aliyefunga Bosch kwenye Toyota, akaunganisha mweusi kwa mweusi na mweupe kwa mweupe, akaona amefuata utaratibu: amepeleka umeme wa betri kwenye waya wa ishara. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na kontrolboksi iliyoungua ilikuwa na gharama ya sensa nyingi.

Halafu nyaya hizo hazichomewi kwa risasi, wala soketi yake haijazwi grisi. Sensa nyingi za aina hii huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya wenyewe. Ukimwaga risasi juu yake umeziba pua. Tumia vibanio vya kukaza vinavyokuja kwenye boksi.

Dereva wa Mabibo

Wakuu, langu ni P0420. Nimebadilisha sensa ya nyuma mara mbili, zote orijino, na nambari inarudi baada ya siku tatu.

Msafiri wa Mlandizi

Mkuu, uliponunua gari hilo masega, yale ya kwenye bomba yanayosafisha moshi, yalikuwemo?

Dereva wa Mabibo

Nimelazimika kuingia uvunguni kwanza ndipo nijibu. Kopo lipo, lakini ukiligonga linalia kama debe tupu, na kuna mshono wa kuchomelea ambao si wa kiwandani. Nimempigia aliyeniuzia, akasema "yalitolewa ili gari liwe jepesi".

Fundi Mstaafu

Yalitolewa yakauzwa, mwanangu. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wanajulikana mitaani. Sensa yako ya nyuma ipo hapo hasa kuyakagua masega. Yakiwa mazima yanatunza oksijeni, kwa hiyo sensa ya nyuma hutulia wakati ya mbele inaruka. Yasipokuwepo, ya nyuma huruka sawa na ya mbele, na kontrolboksi inaandika P0420. Umelipia sensa mbili zilizokuwa zikisema kweli. Zitunze, zitafaa siku moja.

Msafiri wa Mlandizi

Nimerudi kama nilivyoahidi. Safari hii nilianza nyumbani. Nilichukua kadi ya gari, nikaingiza namba ya chesisi kwenye katalogi ya vipuri vya Toyota mtandaoni, nikafungua mchoro wa bomba la moshi na kupata namba kamili ya sensa ya mbele. Nikailinganisha na iliyochongwa kwenye sensa ya zamani, ambayo nilibidi niisugue kwa brashi ya waya ndipo isomeke, zikalingana. Niliandika pia namba ya Denso, kwa sababu ndio waliotengeneza ile ya kiwandani na huuza kifaa hicho hicho kwenye boksi lao kwa namba yao wenyewe, mara nyingi kwa bei iliyo chini ya boksi la Toyota.

Maduka matatu nilipotaja namba waliniuliza kama nina sampuli. La nne, dogo, ndani kabisa ya jengo, kijana aliandika namba kwenye kompyuta, akaniambia haipo lakini ataipata baada ya siku mbili, na akaipata. Kabla sijalipa 260,000 nilifungua boksi mbele yake. Namba ya kwenye boksi na ya kwenye chuma zilikuwa moja, maandishi yalikuwa yamechongwa kwa leza na si kupigwa muhuri wa rangi, uzi ulikuwa umeshapakwa grisi yake, na ncha ilikuwa na kofia ya plastiki. Mita ilisoma omu 13. Kijana mwenyewe alisogea kutazama. Akasema hajawahi kuona mteja akifanya hivyo.

Duka lile la kwanza nililirudia na risiti, bila ugomvi. Mwenye duka alisema spea ya umeme ikishafungwa hairudishwi. Nikamwonyesha namba mbili zikiwa ubavuni kwa ubavu, akanyamaza kidogo, kisha akanirudishia 70,000 na kubaki na sensa yake. Nimeridhika na hilo, maana hata mimi sikumwambia namba. Nilimpa kifaa chenye masizi nikamwachia akisie.

Kuhusu kufunga: fundi aliipasha injini moto kidogo, akapaka dawa ya kutu, akatumia boksi spana ya namba 22 yenye mkato wa kupitishia waya. Aliingiza uzi kwa vidole mpaka mwisho kabla ya kushika spana, na aliniambia mtu asipake chochote kwenye ncha. Wenye Toyota za zamani watazame kwanza, kwa sababu baadhi hazina uzi kabisa; zinashikwa kwa bamba lenye nati mbili na gasketi, na hapo namba ya spea inabadilika pia.

Matokeo: P0135 imefutwa na haijarudi kwa kilomita 900. Kwa kipimo cha kujaza tangi mpaka mwisho, kabla ya yote haya nilikuwa napata kilomita 11 kwa lita kwenye mchanganyiko wa mjini na barabara kuu, na sasa napata karibu 13. Wanaosema sensa mpya itapunguza matumizi ya mafuta kwa nusu wanauza sensa.

Dada wa Nyegezi

Nami naleta majibu. Siku tisa, P0171 haijaonekana. Mpira ulinigharimu 25,000. Fundi wangu bado anasisitiza kwamba sensa "ibadilishwe tu kwa usalama".

Fundi Mstaafu

Marahaba, binti yangu, nilichelewa kuitikia. Mwambie akuonyeshe kwenye mashine inavyoruka, kisha akuambie ni wapi inakosea. Akiweza, nunua. Na kabla ya kununua piga picha ya namba.